Barua za Hasina: Lugha, Sifa na Kuvunjwa Moyo na Riwaya ya Uhamiaji

1. Utangulizi

Riwaya iliyosifiwa mno hubeba mzigo ambao riwaya isiyojulikana haiubebi. Msomaji huifungua akiwa amekwisha kuambiwa kwamba atastaajabu, na kwamba akiimaliza ataifahamu jamii ambayo hapo awali hakuifahamu. Akifika ukurasa wa mwisho bila kuyapata hayo, hujiuliza kama kasoro ni ya kitabu, ya waliokisifu, au yake mwenyewe. Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika fasihi hutokea pia kwamba tembo ni lile lile la jana, ila sifa ndizo zilizoubadili ulimi wa mnywaji.

Mhadhara huu unaichunguza hali hiyo kwa kutumia riwaya moja, Brick Lane ya Monica Ali, iliyochapwa mwaka 2003 na inayosimulia maisha ya familia ya Kibangladeshi mashariki ya jiji la London. Hoja inayotetewa ni kwamba kasoro ya riwaya hiyo iliyo nzito kuliko nyingine ni ya lugha. Inahusu jinsi mwandishi alivyoamua ni nani kati ya wahusika wake apewe sarufi kamili na ni nani anyimwe. Suala hili linawagusa wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, riwaya za Kiingereza zilizoandikwa na wahamiaji waliotoka pwani ya Afrika Mashariki zimeanza kutafsiriwa kwa Kiswahili. Pili, fasihi ya Kiswahili yenyewe hukabiliwa na tatizo hilo kila mara mgeni anapofunguliwa kinywa katika hadithi.

2. Riwaya na mapokezi yake

Monica Ali alizaliwa Dhaka mwaka 1967, baba yake Mbengali na mama yake Mwingereza, akaletwa Uingereza angali mtoto mdogo. Mwanzoni mwa mwaka 2003 jarida la Granta lilimweka katika orodha yake ya waandishi vijana bora wa Uingereza kabla riwaya yake ya kwanza haijachapwa; waamuzi walitegemea mswada. Kitabu kilipotoka mwaka huo huo, kiliingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker. Sifa, kwa hiyo, zilitangulia kitabu dukani.

Mhusika mkuu ni Nazneen, aliyezaliwa kijijini katika wilaya ya Mymensingh. Akiwa na umri wa miaka kumi na minane anaozwa kwa Chanu, mtu mzima anayemzidi kwa miaka mingi, na kupelekwa Tower Hamlets. Anafika akijua maneno ya Kiingereza ya kuombea radhi na ya kushukuria tu. Anamzaa mtoto wa kiume ambaye anafariki akiwa mchanga, kisha anawazaa mabinti wawili. Anashona nguo nyumbani kwa malipo, anaingia katika mapenzi na kijana Karim anayemletea kazi hiyo, na mwishowe anakataa kumfuata mumewe anayerejea Bangladesh. Mdogo wake, Hasina, aliyetoroka na mchumba aliyempenda, anabaki Bangladesh na kumwandikia barua kutoka Dhaka, ambako anapitia kazi ya kiwanda cha nguo na madhila mengi.

Wahakiki waliisifu riwaya kwa kuufungua mlango wa nyumba ambazo Waingereza wengi walipita nje yake bila kubisha hodi. Wakazi wengi wa Kibengali wa mtaa wenyewe hawakukubaliana nao. Mwaka 2003 baraza moja la Wasylheti lilipeleka barua ndefu ya malalamiko, na mwaka 2006, filamu ya riwaya hiyo ilipokuwa ikitengenezwa, maandamano yaliwafanya watengenezaji wahamishe upigaji wa picha kutoka mtaani. Filamu ilitolewa mwaka 2007. Katika mjadala huo Germaine Greer alisimama upande wa wakazi, naye Salman Rushdie akamjibu kwa ukali akiitetea haki ya mwandishi.

3. Upeo wa matarajio

Ili kulieleza jambo hili, inafaa kurejea kwa Hans Robert Jauss, aliyetoa mhadhara wake mashuhuri katika Chuo Kikuu cha Konstanz mwaka 1967 na kuwa mmoja wa waasisi wa nadharia ya upokezi. Kwa mujibu wa Jauss, hakuna msomaji anayekiendea kitabu akiwa mtupu. Kila msomaji huja na upeo wa matarajio uliojengwa na vitabu alivyokwisha kusoma, na kanuni za utanzu, na maisha yake. Kazi bora aghalabu huuvunja upeo huo na kumlazimisha msomaji aupanue. Kutopata kilichotarajiwa, basi, si ushahidi tosha kwamba kazi ni dhaifu. Mhakiki anapaswa kwanza kubainisha ni matarajio yapi yaliyovunjwa.

Kwa riwaya kama Brick Lane zipo aina tatu za kuvunjwa moyo. Ya kwanza hutokana na sifa zenyewe: msomaji aliahidiwa kitabu kikubwa, akakuta kitabu kizuri cha wastani. Hii haihitaji kujadiliwa kwa kirefu, kwa sababu kosa ni la mpiga mbiu.

Ya pili hutokana na uwakilishi. Hapa ndipo yalipo malalamiko ya wakazi: kwamba Wasylheti, ambao ndio wengi kati ya Wabengali wa Tower Hamlets, wamedhalilishwa kwa kuelezwa kuwa washamba wasio na elimu. Uchungu wao unaeleweka. Hata hivyo, kwa mizani ya uhakiki, hoja hiyo ina udhaifu. Maneno ya dharau dhidi ya Wasylheti yamewekwa kinywani mwa Chanu, mtu mwenye majivuno na vyeti vingi visivyomfikisha popote, na riwaya inamcheka waziwazi. Kumhukumu mwandishi kwa kauli ya mhusika wa namna hiyo ni kuusahau umbali uliopo kati ya mtunzi na mhusika wake.

Ya tatu ni ya lugha. Hii haikupigiwa kelele barabarani, lakini ndiyo inayoweza kuthibitishwa kwa matini yenyewe.

4. Barua za Hasina

Nazneen huwaza kwa Kibengali. Kwa sehemu kubwa ya riwaya huzungumza Kibengali pia, na mumewe, na jirani yake Razia, na karibu kila anayekuja kumtembelea. Monica Ali ameyaweka mawazo na mazungumzo hayo katika Kiingereza kamili, na mara nyingi kizuri. Huo ni mkataba unaofahamika katika fasihi: msomaji anakubali kwamba Kiingereza anachokisoma ni kioo cha lugha nyingine, na kwamba ukamilifu wa lugha ile unalipwa kwa ukamilifu wa lugha hii. Kutokana na mkataba huo, mwanamke anayejua maneno machache tu ya Kiingereza anakuwa na undani, hofu na utani wake. Hapo ndipo ulipo ubora wa kitabu.

Mkataba huo unavunjwa Hasina anaposhika kalamu. Barua zake zimeandikwa katika Kiingereza kilichovunjika, kisicho na vibainishi, chenye vitenzi visivyonyambuliwa na nyakati zilizovurugwa. Lakini Hasina hamwandikii dada yake kwa Kiingereza. Dada wawili waliolelewa nyumba moja katika kijiji kimoja wanaandikiana kwa lugha ya mama yao. Kibengali cha mmoja kimegeuzwa kuwa Kiingereza fasaha, na Kibengali cha mwingine kimegeuzwa kuwa Kiingereza cha mtu anayejikwaa.

Jambo hili si la kurasa mbili tatu. Muda mrefu katikati ya riwaya, kuanzia mwaka 1988 hadi 2001, unapitishwa kwa barua za Hasina peke yake. Msomaji anavushwa zaidi ya miaka kumi na miwili juu ya daraja la sentensi mbovu. Huko ndiko anakokutana na kiwanda cha nguo, na umaskini, na jinsi mji unavyomtenda mwanamke asiye na mlinzi. Hatimaye, bila kuambiwa, anaanza kuamini kwamba tofauti ya sarufi ni tofauti ya mahali: aliye London ana lugha nzima, aliye Dhaka ana vipande.

Uzito wa jambo hilo unaongezeka mtu akiikumbuka historia ya lugha inayohusika. Tarehe 21 Februari 1952 waandamanaji waliuawa mjini Dhaka wakidai Kibengali kitambuliwe kuwa lugha ya taifa katika Pakistan ya wakati ule. Kwa ajili yao UNESCO iliitangaza tarehe hiyo, mwaka 1999, kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama. Si mbali na mtaa wa Brick Lane, katika bustani iliyopewa jina la Altab Ali, kijana Mbengali aliyeuawa na wabaguzi mwaka 1978, umesimamishwa mnara wa kuwakumbuka mashahidi hao wa lugha. Watu wa mtaa huu, basi, ni wa taifa linalokumbuka damu iliyomwagwa kwa ajili ya lugha. Riwaya iliyosifiwa kwa kuwapa sauti imemfanya mwandishi wa barua za Kibengali asikike kana kwamba hana lugha.

5. Kosa la kalamu na kosa la ulimi

Watetezi wa barua hizo wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba Hasina hakusoma sana, na Kiingereza kibovu kinaonyesha elimu yake ndogo. Hapa isimu ina la kusema, na mfano wa Kiswahili unatosha.

Mwanamke wa kijijini aliyesoma madarasa mawili tu anaweza kuandika hivi: *dada yangu mpenzi nimepatabarua yako nimefulahi sana watoto wote hawajambo*. Maneno yameunganishwa pasipostahili, herufi moja imechukua nafasi ya nyingine, alama za uandishi hazipo. Lakini sarufi yote ni salama: viambishi vya nafsi na njeo viko mahali pake, na ngeli hazikuguswa. Mwanamke huyo hawezi kuandika: *dada yangu mimi pata barua, mimi furahi, mtoto mingi iko zima*. Hiyo ni lugha ya mgeni anayejifunza. Mtoto aliyelelewa katika Kiswahili huanza kuumudu upatanisho wa ngeli kabla hajaanza shule. Shule humfundisha tahajia, msamiati na mitindo rasmi. Sarufi ya lugha yake ya kwanza anaingia nayo darasani.

Elimu ndogo, basi, huzaa makosa ya kalamu. Makosa ya ulimi, yaani ya mofolojia na sintaksia, hayatokani nayo. Hayo huzaliwa na ugeni katika lugha, na Hasina si mgeni katika Kibengali. Mwandishi aliyetaka kuonyesha uchache wa elimu yake angeweza kuchezea tahajia, au kumpa sentensi fupi zenye mdundo wa masimulizi ya mdomo.

Hoja ya pili ni kwamba Kiingereza hicho kinaiga muundo wa Kibengali. Ni kweli kwamba Kibengali hakina vibainishi vya aina ya Kiingereza, na katika wakati uliopo huweza kusema *mimi mwalimu* bila kitenzi cha kuwa. Lakini lugha yoyote ikihamishwa neno kwa neno huonekana pungufu. Mswahili anayesema ana njaa, akitafsiriwa hivyo, ataonekana kwa Waingereza kama mtu anayetembea na njaa mkononi. Kama kuiga muundo ndilo lililokuwa lengo, Nazneen naye angewaza kwa mtindo huo huo. Isitoshe, mwigo huo hauvuki na utajiri wa lugha inayoigwa. Kitenzi cha Kibengali huonyesha nafsi na daraja ya heshima. Mtu huitwa *apni*, *tumi* au *tui* kulingana na umri, cheo na ukaribu, na dada anapomwandikia dada yake huchagua. Uchaguzi huo, ambao ungemwonyesha Hasina kuwa mtu mwenye adabu na mapenzi, umepotea. Kilichobaki ni kigugumizi chake peke yake.

Wapo wasomaji ambao barua hizo ziliwatoa machozi, na hawakukosea kumhurumia Hasina. Lakini huruma hiyo imenunuliwa kwa bei kubwa. Msomaji anamhurumia kama anavyomhurumia asiyejiweza, ilhali matukio yanaonyesha mwanamke anayeamua, anayependa na anayeanguka kisha akasimama.

6. Kinyume chake: By the Sea

Inafaa kulinganisha na riwaya inayotoka karibu zaidi na pwani. By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ilichapwa mwaka 2001. Mzee Saleh Omar anatua Uingereza kuomba hifadhi, na kwa ushauri aliopewa kabla ya safari anajifanya hajui Kiingereza. Ofisa wa uhamiaji anamsemesha kwa kirefu akidhani haelewi. Baadaye anatafutwa mtaalamu wa lugha yake, naye anakuwa Latif Mahmud, mtu wa mji ule ule, ambaye familia yake na ya mzee zina kisa kirefu cha nyumba na madeni.

Katika kitabu hicho mhamiaji asiyesema ndiye msimulizi mwenye lugha pana kuliko wote wanaomhoji. Ukimya wake ni hila aliyoichagua. Msomaji anayasikia yaliyomo ndani ya ukimya huo: biashara ya udi, misimu ya pepo, makabati ya kale, dhuluma na majuto. Lugha ya nyumbani haikuonyeshwa kwa kukivunja Kiingereza. Inaonekana katika mambo yanayokumbukwa, katika adabu ya usemi, na katika namna ya kuizunguka hoja kabla ya kuitaja. Gurnah amethibitisha kwamba riwaya ya Kiingereza inaweza kubeba mtu wa lugha nyingine pasipo kumpunguza.

7. Mtihani wa mtafsiri

Mwaka 2022 riwaya ya Gurnah, Paradise, ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, ikiwa imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Mtafsiri wa kitabu cha namna hiyo huirejesha hadithi katika lugha iliyokuwa ikisikika chini ya Kiingereza tangu mwanzo. Je, mtafsiri wa Brick Lane kwa Kiswahili angezifanyaje barua za Hasina? Zipo njia tatu. Chukua sentensi ya kubuni yenye maana kwamba mvua imekwisha na watoto wako nje.

Njia ya kwanza ni kuvunja Kiswahili: *Leo mvua nasimama, mtoto nakwenda nje.* Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atamsikia papo hapo mwenye duka wa Kihindi wa michezo ya kuchekesha. Barua ya huzuni itageuka kichekesho, na Hasina atadhalilishwa mara ya pili.

Njia ya pili ni Kiswahili sanifu: *Leo mvua imekatika na watoto wametoka nje.* Heshima ya Hasina imerudi, lakini mtafsiri ameufuta uamuzi wa mwandishi bila kumwarifu msomaji, na tofauti ya sauti kati ya barua na masimulizi imefifia.

Njia ya tatu ni kumpa lugha nzima isiyo ya kitabuni, kwa mfano usemi wa Kimvita: *Leo kumeanuka, wana washatoka nde.* Sarufi ni timilifu, lakini msomaji anatambua kwamba hii si sauti ya ofisini. Njia hii ina hatari yake, kwani lahaja humvalisha mhusika mji usio wake, na mtu wa Mombasa anaweza kuuliza kwa nini ufukara wa Dhaka umepewa ulimi wake. Hata hivyo, ikiambatana na maelezo mafupi ya mtafsiri mwanzoni mwa kitabu, ndiyo iliyo bora. Inatunza umbali kati ya barua na masimulizi bila kuugeuza kuwa upungufu wa akili au wa lugha.

8. Fasihi ya Kiswahili yajitazame

Haitakuwa haki kuikosoa riwaya ya London na kuisamehe jadi ya nyumbani. Kwa muda mrefu maigizo na hadithi za Kiswahili zimewapa Wahindi, Wamanga, Wazungu na watu wa bara Kiswahili kilichokatikakatika ili kuchekesha. Mgeni anapozungumza Kiswahili na wenyeji, kuonyesha makosa yake kunaweza kuwa uhalisia. Lakini anapozungumza na mkewe kwa Kigujarati, au na ndugu yake kwa Kimakonde, kumwachia makosa yale yale ni kusema kwamba hata nyumbani kwake hana lugha.

Njia nyingine imekwisha kuonyeshwa. Katika Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapwa mwaka 1999, Yasmin, binti wa jamii ya Kihindi ya Zanzibar, anasimuliwa kwa Kiswahili kizima. Uhindi wake unajitokeza katika ndoa aliyolazimishwa, katika nyumba, na katika jamii inayomtenga. Msomaji hahitaji ngeli zilizovurugwa ili akumbuke asili yake.

9. Hitimisho

Mwanafunzi anayevunjwa moyo na riwaya iliyosifiwa asiifanye hisia hiyo kuwa hukumu, wala asiione haya. Aigeuze kuwa maswali. Mhusika huyu, katika ukurasa huu, anazungumza lugha gani? Je, makosa aliyopewa yanaweza kutokea katika lugha hiyo? Na mhusika mwingine aliye katika hali ile ile amepewa mkataba gani? Maswali haya yanajibika kwa matini, na yanamtoa mhakiki katika ubishi wa kupenda na kutopenda.

Kwa mizani hiyo, Brick Lane inabaki kitabu kinachostahili kusomwa kwa ajili ya Nazneen, na kinachostahili kukosolewa kwa ajili ya Hasina. Waliokisifu mwaka 2003 waliusoma ukamilifu wa lugha ya dada mkubwa kama ustadi, na uvunjifu wa lugha ya dada mdogo kama ukweli wa maisha, bila kuona kwamba yote mawili ni maamuzi ya kalamu moja. Kiswahili, ambacho UNESCO ilikitengea tarehe 7 Julai kuwa siku yake kwa azimio la mwaka 2021, kinazidi kuwa lugha ya kutafsiria maisha ya watu wengine. Watakaoifanya kazi hiyo watakutana na akina Hasina wengi, wenye lugha zao timamu, na itawabidi waamue watawaandikaje.